Duka la betri la Gerezani: wanauza, hawapimi

Sisemi kwamba betri waliyoniuzia ni mbovu. Betri ni nzima, na hilo nalitanguliza ili nisije nikaambiwa nina chuki. Ninachowalaumu wenye duka hili la Gerezani, Dar es Salaam, ni kuniuzia betri ya pili muda mfupi baada ya ile ya kwanza bila mtu yeyote kuuliza imekufa kwa nini.

Dalili nilizieleza kinagaubaga: siku za kazi gari linawaka vizuri, lakini likiegeshwa tangu Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi stata inagonga tu na taa za dashibodi zinafifia. Nikaomba wapime kama kuna kitu kinachokula umeme gari likiwa limezimwa. Muuzaji hakuinua hata uso kutoka kwenye simu. "Bosi, gari linataka betri, halitaki maswali." Mita ilikuwa inaning'inia kwenye msumari nyuma ya kichwa chake, nyaya zimeviringishwa, vumbi tele. Nilipomwonyesha kwa kidole, alimwita mwenzake waje wanicheke wawili.

Wikendi iliyofuata gari likazima tena. Fundi umeme wa mtaani kwetu, asiye na duka wala bango, alipima kwanza injini ikiunguruma, akapata volti 14.2, akasema alternata, ile inayochaji betri injini ikiwaka, haina kosa. Kisha alizima gari, akafungua waya wa hasi, akaunga mita kati ya waya huo na betri, tukasubiri karibu nusu saa ili kompyuta za gari zitulie. Kwa kawaida gari lililozimwa halipaswi kuvuta zaidi ya miliampea 50 hivi (miliampea 1,000 ni ampea moja). Langu lilikuwa linavuta 800. Akachomoa fyuzi moja moja, na alipogusa ya redio, namba ikaporomoka. Redio yenyewe ni ya Android, iliyofungwa badala ya ile ya Kijapani iliyokuja na gari. Waya wake mwekundu, ambao hutakiwa kupata umeme ufunguo ukiwashwa tu, ulikuwa umesokotwa pamoja na ule wa njano ambao haukatiwi umeme kamwe. Betri ya ampea-saa 60, yaani ya kutoa ampea moja kwa saa 60 hivi, ikinyonywa hivyo tangu Ijumaa, Jumatatu inabaki na nini?

Nilikuwa nimekusudia kuwapa nyota tatu, kwa sababu bei yao ni nafuu kweli. Lakini kila nikikumbuka kwamba betri ya kwanza waliichukua kama chakavu na kunipunguzia kiasi kidogo tu, ilhali huenda ilihitaji kuchajiwa usiku mmoja, damu inanichemka. Nawapa nyota moja. Aliyekwisha kupimiwa gari lake kwingine anaweza kwenda kununua kwao. Mimi fedha yangu hawataiona tena.