Krita kwa wachora komiki wanaopasiana kurasa

Komiki zinazotoka Nairobi na Dar es Salaam bila mchapishaji mkubwa mara nyingi ni kazi ya mikono kadhaa. Mmoja ana mkono wa penseli, mwingine ana subira ya wino, wa tatu anajua rangi, wa nne ndiye mwenye maneno. Si jambo geni kwetu. Hata jarida la komiki la Sani la Tanzania lilipata jina lake kwa watu wawili, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo: SA ya huyu na NI ya yule. Kwa hiyo programu ya kuchorea tunaipima hapa kwa swali moja tu: ukurasa ukitoka kwa rafiki mmoja kwenda kwa mwenzake, unafika salama?

Kwa Krita, jibu ni ndiyo kwenye penseli, wino na rangi, na ni hapana kwenye maneno. Kundi likilijua hilo mapema, litafanya nayo kazi miaka. Lisipolijua, litarudia kurasa nzima usiku wa kuamkia siku ya kuchapa.

Kwanza, ni ya bure, na bure yake haina mtego. Haina siku thelathini za majaribio wala chapa inayobandikwa juu ya picha yako. Ni programu huria chini ya leseni ya GPL, ilizaliwa ndani ya mradi wa KDE, na jina lake ni neno la Kiswidi lenye maana ya chaki. Ukiikuta inauzwa Steam au Microsoft Store, hiyo ni njia ya kuwachangia wanaoitengeneza, ya krita.org ni hiyohiyo. Inafanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS, na pia kwenye tableti kubwa za Android, ingawa huko vitufe ni vidogo kwa kidole na bado inahesabiwa kuwa toleo la majaribio. Faida yake kwa kundi ni kubwa: mwenye laptopu ya mtumba anafungua faili lilelile analofungua mwenye mashine mpya, na hakuna anayeachwa nje kwa sababu ya leseni.

Tuchukue komiki ya kawaida: A5, kurasa 16 za ndani pamoja na jalada, imepigwa pini katikati. A5 ni milimita 148 kwa 210. Ongeza milimita 3 kila upande kwa ajili ya kisu cha kukatia, upate 154 kwa 216. Kwa dpi 600, yaani nukta 600 kila inchi, hiyo ni pikseli 3638 kwa 5102, na leya moja (tabaka la mchoro) iliyojaa rangi inakula megabaiti 74 hivi. Krita hujiwekea mpaka wa nusu ya ramu ya kompyuta, kwa hiyo laptopu ya gigabaiti 4 inabeba leya kama 27 zilizojaa kabla hujahesabu hatua za kurudi nyuma. Ukivuka hapo, mstari unaanza kuburuta nyuma ya kalamu na mkono unapoteza uhai wake.

Suluhisho si kuchora kila kitu kwa dpi 300. Wino wa dpi 300 ukichapwa unatoka na vijino, hasa kwenye nywele na kope. Penseli na wino vifanyike kwa 600. Wino ukikamilika, utolewe kama picha ya kijivu na kuwekwa pembeni, kisha anayepaka rangi apewe nakala iliyopunguzwa nusu kamili, yaani 1819 kwa 2551. Kwake kila leya inashuka hadi megabaiti 19 hivi. Rangi haidai ukali ule, na wino wa 600 utakuja kukaa juu yake wakati wa kupanga kurasa. Kwa njia hii mwenye mashine dhaifu kuliko wote ndiye apewe rangi, si wino.

Penseli kwenda kwa wino ndipo Krita inapopendeza zaidi. Mchoraji anachora kwa buluu isiyokolea, anaishusha leya hadi asilimia 30, anaifunga kwa kufuli, na anayetia wino anafungua leya yake juu. Brashi za wino zilizomo zinatosha kabisa. Kuna pia ulainishaji wa mstari kwa mkono unaotetemeka, lakini kwenye mashine nzito uweke chini, maana ukizidi mstari unachelewa. Mistari elekezi inayokutana mbali, ya kuchorea barabara na majengo, inawekwa juu ya ukurasa na inasafiri na faili, kwa hiyo anayetia wino haanzi upya kutafuta ilipo.

Kisichosafiri na faili ni brashi zenyewe. Alama ulizochora zinabaki, lakini brashi uliyojitengenezea haimfikii mwenzako mpaka uifunge kwenye kifurushi chenye mwisho wa .bundle na kumtumia. Kundi liwe na kifurushi kimoja, brashi nne au tano, basi. Mkiwa na mbili tofauti za wino, msomaji ataona mahali mkono ulipobadilika. Mpangilio wa mgandamizo wa kalamu nao haumo kwenye faili. Kila mtu arekebishe wake kulingana na tableti yake ya kuchorea. Na kalamu ya Huion, XP-Pen au Wacom ikitoa mstari wa unene mmoja kwenye Windows, usikimbilie kurudisha tableti dukani. Ingia kwenye mipangilio ya Krita, sehemu ya tableti, ubadilishe njia ya kusoma kalamu kati ya WinTab na ile ya Windows, ufunge programu na kuifungua tena. Mara nyingi shida ilikuwa hapo tu.

Kuna jambo moja la adabu ambalo programu hailizuii. Ni rahisi mno kuvuta pua ya mhusika wa mwenzako, kumnyoosha bega, kumgeuza mkono. Ukiona kosa la mchoro, rekebisha kwenye leya mpya juu ya yake, uipe jina, na uache yake ilivyo chini. Akiifungua ataona pendekezo, akubali au akatae. Ukifuta cha mtu na kuchora chako kimyakimya, ukurasa utakuwa umepona na urafiki umeumia.

Kwenye rangi, shida ya kila siku ni ule uzi mweupe unaobaki kati ya rangi na wino. Kingo za wino zimelainishwa, kwa hiyo ndoo ya rangi, kifaa cha kujaza eneo, inasimama kabla ya kufika. Iambie ndoo ipanue eneo kwa pikseli 2 au 3, rangi iingie chini ya mstari. Kisha jambo ambalo wengi hawalijui: leya za Krita zinaweza kupewa alama ya rangi, na ndoo inaweza kuamriwa isome leya zenye alama fulani peke yake. Weka alama ya bluu kwenye wino, elekeza ndoo isome bluu tu, na mistari ya penseli iliyobaki wazi haitakusumbua tena. Ile barakoa (Colorize Mask) inayopaka ukurasa kwa kudokezwa tu ni nzuri kwa fremu moja, lakini kwa ukurasa mzima inaizidi nguvu laptopu ndogo.

Wanaotoka Photoshop au Clip Studio hujikwaa kwenye kivuli. Kule unabana leya moja juu ya nyingine moja. Krita ina alama ya alfa pembeni ya leya, na ukiibonyeza leya inafuata umbo la kila kilicho chini yake ndani ya kundi hilo, siyo leya moja. Usipoweka mhusika kwenye kundi lake, kivuli cha shati kinamwagika hadi ukutani. Kila mhusika awe na kundi lake, rangi bapa chini, vivuli juu. Na ukilihifadhi faili hilo kama PSD, faili la Photoshop, kwa ajili ya mwenzako, mpangilio huo hauvuki vizuri. Mtumie kivuli kikiwa leya ya kawaida.

Kuhusu kutunza kazi: menyu ya File ina amri ya Save Incremental Version, Ctrl+Alt+S, inayohifadhi nakala mpya yenye namba inayopanda. Kila anayepokea ukurasa aanze kwa amri hiyo, na ukurasa mmoja uwe mkononi mwa mtu mmoja kwa wakati. Wawili wakifungua nakala za ukurasa uleule kwa pamoja, hakuna namna nyepesi ya kuziunganisha. Mkitumiana kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha, inabanwa, na mstari wako wa 600 unafika ukiwa umechakaa. Jambo lingine la kuokoa maisha: faili la Krita, lenye mwisho wa .kra, kwa ndani ni zip. Likigoma kufunguka, tengeneza nakala, ibadilishe mwisho wake uwe .zip, uifungue, na mara nyingi utakuta humo picha iitwayo mergedimage.png, ukurasa mzima ukiwa umeshikana. Leya zimekwenda, lakini kazi haijapotea yote. Ni njia hiyo pia kwa rafiki asiye na Krita anayetaka tu kuusoma ukurasa.

Sasa maneno. Katika mfululizo wa 5.2 na matoleo ya kabla yake, maandishi huandikwa kwenye dirisha dogo lililo kando, si juu ya ukurasa wenyewe, kwa hiyo unaandika kwa kubahatisha, unafunga, unatazama, unafungua tena. Kwa kiputo kimoja si neno. Kwa kurasa 16 zenye viputo sita kila mmoja ni mateso. Juu ya hayo, mwenzako asipokuwa na fonti yako, maneno yanabadilika sura na kutoka nje ya kiputo. Ushauri wetu hauna mjadala: maneno yasiwekwe Krita. Yawekwe Inkscape, programu ya michoro ya vekta ambayo nayo ni ya bure, juu ya picha iliyokamilika. Ndivyo mchoraji David Revoy wa Ufaransa anavyoendesha komiki yake ya Pepper&Carrot tangu 2014: michoro inatoka Krita, maneno yanakaa peke yake kwenye faili za SVG za Inkscape, na wafasiri wa kujitolea wanabadilisha lugha bila kugusa mchoro. Mafaili yake ya .kra yako wazi kwa yeyote kupakua. Anayetaka kujua leya za ukurasa wa kweli zinapangwaje ayafungue hayo kabla ya kutazama video yoyote.

Na Kiswahili kina madai yake kwenye kiputo. Maneno yetu ni marefu. "Hatutawasahaulisha" peke yake inajaza mstari. Mchoraji wa penseli aache viputo vipana kuliko vile alivyovizoea kwenye komiki za Marekani. Ikibidi kukata neno, kata baada ya irabu, na usitenganishe kamwe herufi za ng'. Jaribu fonti kwa neno "anang'ang'ania" kabla ya kuichagua: fonti nyingi za bure za komiki zina kistari cha juu kibovu au hazina kabisa. Kisha kuna herufi I. Fonti nyingi za komiki zimewekewa I mbili: yenye vipandio juu na chini kwenye herufi kubwa, na iliyonyooka kwenye herufi ndogo. Ile yenye vipandio ni ya neno la Kiingereza la "mimi", basi. Ukiandika Kiswahili ukiwa umewasha herufi kubwa, kila I inatoka na vipandio, na lugha yetu imejaa I. Kiputo kinaonekana kama uzio. Andika kwa herufi ndogo, fonti yenyewe itazitoa kubwa na zilizonyooka. Kwa A5, pointi 7 hadi 8 zinasomeka.

Krita haitoi PDF. Kwa wachapaji wa River Road, Nairobi, au Kariakoo, Dar es Salaam, wanaodai PDF na kufunga duka saa kumi na mbili, hilo si dogo. Kurasa zipangwe Scribus, ya bure pia: rangi chini kwa dpi 300, wino wa kijivu wa 600 juu yake ukiwekwa mtindo wa kuzidisha, maneno mwisho. Wino ukiwa wa kijivu unachapwa kwa nyeusi peke yake. Ukiuacha ndani ya picha ya rangi, nyeusi yako inageuka mchanganyiko wa rangi nne, sahani za kuchapia zikiteleza kidogo kila mstari unapata kivuli chekundu au cha samawati, na maneno madogo hayasomeki. Kwa kuonja rangi kabla ya kuchapa, Ctrl+Y ndani ya Krita inaonyesha zitakavyofifia. Kijani kibichi na buluu kali ndizo za kwanza kufa. Kurasa zigawanyike kwa nne. Mkiwa na 18, ama mpunguze mbili ama mtafute mbili za kuongeza, na moja ya hizo iwe ya majina: penseli ya nani, wino wa nani, rangi za nani, maneno ya nani.

Aliye na iPad peke yake Krita haimhusu, kwa kuwa haipo huko. Mkiwa naye kwenye kundi, apewe penseli. Achore kwa Procreate kwenye turubai ya 3638 kwa 5102, akijua kuwa leya atakazopata zinategemea kumbukumbu ya kifaa chake, atoe PSD ya leya mbili, mchoro na mipaka ya fremu, na anayetia wino aifungue Krita na kuihifadhi papo hapo kama .kra.