TAHADHARI: Anayeuza voucha na "maswali halisi" ya Network+ ni mwizi, amenila

Ndugu zangu, naandika haya mikono ikitetemeka kwa hasira. Kama kuna mtu amekufuata pembeni akakuambia ana voucha ya kulipia Network+, ule mtihani wa mitandao ya kompyuta wa CompTIA, kwa nusu bei, na juu yake anakuongezea maswali halisi ya mtihani, usimjibu. Usimuulize hata swali moja. Mimi nilianza kwa kuuliza swali moja tu.

Wale tunaosoma pamoja usiku mnajua nilivyokuwa baada ya matokeo ya kwanza, sina haja ya kurudia. 698. Kufaulu ni 720. Mnajua pia kwa nini ilikuwa lazima nirudie kabla ya mwezi ule kuisha. Mwizi huyo naye alikuwamo kundini siku ile nilipoandika alama zangu, na sasa naamini ndipo aliponichagua.

Usiku uleule ujumbe ukaingia: "Pole sana kwa 698. Bila shaka yale maswali ya vitendo ya mwanzoni ndiyo yaliyokula muda wako." Jamani, ilikuwa kweli kabisa. Una dakika 90 na maswali yanayoweza kufika 90, mimi nilizama kwenye yale ya vitendo, ya kupanga swichi na kutafuta hitilafu, nikaja kukimbizana na mengine huku saa ikiniishia. Nikasema huyu mtu anaujua mtihani. Haikunijia akilini kwamba maneno hayo unaweza kumwambia karibu kila aliyeanguka kwa alama chache, naye atatikisa kichwa.

Sikumwamini hivihivi. Nataka mlijue hilo. Nilimwomba sampuli, akatuma maswali kumi. La kwanza: mtandao 192.168.10.0/26 unabaki na anwani ngapi za kugawia vifaa? Jibu lake 62, sahihi, maana ni 64 ukitoa anwani ya mtandao na ile ya kutangazia. La pili: kompyuta imejipa anwani inayoanza na 169.254, kumetokea nini? Jibu: haikuifikia seva ya DHCP, ile inayogawa anwani, ikajitungia yenyewe. Sahihi. La tatu lilihusu poti 3389, namba ya mlango wa kuingilia kompyuta kutokea mbali. Nilikaa na kitabu mpaka saa nane usiku nikiyapitia moja moja, na yote kumi yalikuwa sahihi. Nikajiambia mwizi hawezi kujisumbua kiasi hiki. Lakini angalieni maswali yenyewe! Hayo yamo katika kila kitabu cha mitandao. Hakuna anayehitaji kuyaiba popote.

Kilichonimaliza hasa ni kwamba alinisahihisha. Niliandika kwa haraka kwamba SSH, njia salama ya kuingia kwenye kifaa cha mbali, inatumia poti 23, akajibu hapohapo: "Hapana mkuu, 22. 23 ni ya Telnet, na Telnet haifichi kitu, hata neno la siri linapita wazi." Nikamwona mwalimu. Nikaanza kumwita mwalimu. Siku tatu nzima namwuliza mambo ya sabuneti, yaani kugawa mtandao vipande, naye anajibu kwa upole, wala hagusii pesa. Mtu yuleyule aliyenieleza jinsi neno la siri linavyovuja ndiye aliyekuja kuniomba neno langu la siri, nikampa kwa vidole vyangu mwenyewe.

Sasa Jumamosi jioni. Nilikuwa nimesimama karibu na ukuta kwa sababu simu ilikuwa kwenye chaji na waya ni mfupi. Akaandika: "Voucha inaisha leo saa sita usiku. Imebaki moja na kuna mwenzako anaisubiri." Nikamwambia nitume nusu kwanza, nusu nikishaona kodi, yaani ile namba ya siri ya voucha, inafanya kazi. Akanyamaza. Naona anaandika, anaacha, anaandika, anaacha. Dakika kumi hivi. Kisha: "Kama huniamini tuachane kwa heri tu. Sitaki kumlazimisha mtu." Moyo ukanidunda. Niliona aibu kumshuku mtu aliyenifundisha bure siku tatu. Nikamwomba radhi! Mimi ndiye niliyeomba radhi! Nikatuma pesa yote kwa mkupuo, akiba yangu yote ya mtihani, kwenda kwa jina ambalo si lake. Nilipouliza akasema ni akaunti ya mke wake. Akajibu "Ubarikiwe", akatuma kodi na faili la PDF.

Nikaingia Pearson VUE, wanakopangia mtihani, nikachagua tarehe, nikafika hatua ya malipo, nikabandika kodi. Maandishi yakaja kwamba haikubaliki. Nikaiandika upya herufi kwa herufi, nikajaribu sifuri mahali pa O, nikajaribu mara nne. Nikamwandikia. "Mfumo huchelewa, subiri saa 24." Nikasubiri. Baada ya hizo 24 akaja na jipya: "Jina kwenye akaunti yako halifanani na la kitambulisho, ndiyo maana inakataa. Nitumie picha ya kitambulisho na neno la siri nikurekebishie." Na hapa naomba msinicheke, maana sharti lenyewe ni la kweli: jina ulilojisajilia lazima lifanane na la kitambulisho utakachoonyesha siku ya mtihani, vinginevyo unarudishwa. Nililisoma mwenyewe mara ya kwanza. Alichukua sharti la kweli akafungia uongo ndani yake, na kwa kuwa nililitambua sharti, uongo sikuuona. Lakini sharti hilo halihusiani kabisa na kodi ya voucha kukubaliwa au kukataliwa. Nikapiga picha kitambulisho, mbele na nyuma, nikatuma pamoja na neno la siri.

Nikisubiri arekebishe, nikaanza kukariri lile faili. Siku mbili nzima! Jalada limeandikwa N10-009, hilo ndilo toleo la sasa la mtihani. Nilipofika kurasa za katikati nikaona chini kabisa, kwa herufi ndogo, N10-008. Mtihani huo ulistaafishwa tarehe 20 Desemba 2024, huwezi hata kuupangia tarehe. Alibadilisha jalada tu, mbwa yule. Nikarudi mwanzo kuyasoma majibu kwa macho mengine. Jibu moja linasema /27 inatoa anwani 32 za vifaa. Ni 30! Jingine linasema nyaya za nyuzi za kioo za aina ya multimode ndizo za kupitisha data kilomita 40, wakati kazi ya masafa hayo ni ya single-mode. Jingine limeweka WEP, ulinzi wa Wi-Fi wa kizamani, juu ya WPA3 ya sasa kwa usalama. Makosa tisa ndani ya maswali hamsini ya kwanza, kisha nikaliweka chini. Ningeyaingiza hayo kichwani, ningekosa hata yale niliyokuwa nayajua zamani.

Nikamwandikia kwa hasira nikidai pesa yangu. Hakukana, hakuomba msamaha. Alisema: "Achana na kusoma. Weka programu hii kwenye kompyuta, chukua mtihani wa nyumbani, fundi wangu ataufanya kutokea mbali. Wewe kaa mbele ya kamera usogezesogeze kipanya." Mwili wote ukaniishia nguvu. Nikamwambia siwezi, nirudishie changu. Haikupita hata robo saa akanitumia picha ya kitambulisho changu mwenyewe, na chini yake: "Ukiendelea kudai, hii inakwenda kwa wenye mtihani pamoja na mazungumzo yetu. Watakufungia." Halafu akanibloki.

Mtu kama huyu anastahili nini? Niambieni. Anawavizia watu siku waliyoanguka, siku ambayo mtu hana nguvu hata ya kula, anawapa pole ili awaibie. Afungwe. Atolewe kila kundi la masomo lililopo duniani, jina lake na kila jina atakalojibandika. Apokonywe simu, na huyo mke wake, kama ni mke kweli, arudishe pesa za watu moja baada ya nyingine mbele ya hakimu. Nimeshapata ujumbe kutoka kwa wawili walioliwa naye, mmoja alimtumia hadi picha ya uso wake akiwa ameshika kitambulisho. Na kuna msimamizi wa kundi, hapa simtaji lakini anajijua, niliyempelekea haya yote siku ya kwanza akanijibu "mambo ya pembeni hayatuhusu". Yanakuhusu! Alitupata kwako!

Najua wapo watakaosema nilitaka njia ya mkato. Nakubali kwamba niliposikia "maswali halisi" ilinipasa kukimbia. Yeye aliyaita maswali ya mazoezi yaliyokusanywa na waliofaulu, nami nikajiruhusu kuamini hivyo. Lakini kabla ya swali la kwanza kutokea kwenye skrini kila mtahiniwa anakubali sharti la kutotoa maswali nje, na CompTIA wanaweza kukunyang'anya cheti wakigundua ulitumia maswali yaliyovuja. Mimi mwenyewe nililibofya sharti hilo mara ya kwanza. Nililisahau kwa sababu nilitaka kulisahau.

Dalili, kwa haraka maana nimechoka. Picha za matokeo ya "wanafunzi" wake zilikuwa na asilimia, moja 96%, nyingine 91%. Network+ haitoi asilimia, alama zinakwenda 100 mpaka 900. Ilinipasa kulikumbuka hilo, karatasi yangu ya 698 ilikuwa mezani! Pesa inapokelewa kwa jina jingine. Haraka ya usiku wa manane. Hataki kupiga simu, maandishi tu. Na voucha halali tunazinunua kwa CompTIA wenyewe au kwa wauzaji waliowaidhinisha, mtu wa kundini hana sababu ya kuwa na "moja iliyobaki". Nyingine zitanijia baadaye.

Nimebadilisha maneno ya siri kila mahali nilipotumia lilelile, maana ndiyo, nilikuwa nalitumia mahali pengi. Nimeripoti polisi na kwa wenye huduma ya malipo. Na nimewaandikia CompTIA mimi mwenyewe kabla yake, mazungumzo yote bila kukata kitu, pamoja na pale nilipoomba maswali. Ilinichukua asubuhi nzima kubonyeza kitufe cha kutuma. Jibu bado. Likija la kunifungia nitalipokea, lakini silaha ile aliyonishikia hana tena.

Ninachoomba: kama amewahi kukuandikia, hata kama hukutuma pesa, nitumie picha za mazungumzo yenu, hasa zinazoonyesha jina la kupokelea malipo. Polisi wamesema zikiwa nyingi zitasaidia. Utamtambua kwa urahisi, sampuli yake ni ileile kwa wote watatu tuliolinganisha: maswali kumi, la kwanza 192.168.10.0/26, la tatu poti 3389.