Nairobi 2023 na Kigali 2022: mkutano upi uliunyanyua mji zaidi?

Nairobi ilipoandaa Mkutano wa Afrika wa Tabianchi, Septemba 2023, haikuwa ngeni kwa wakubwa wa dunia. Mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mazingira (UNEP) na ya makazi (UN-Habitat) yana makao makuu pale Gigiri. Ilichovuna ni jina kwenye waraka: Azimio la Nairobi, ambamo viongozi wa Afrika walidai mfumo wa fedha wa dunia urekebishwe na kaboni itozwe kodi.

Kigali ilianzia mbali zaidi, na kwangu ndiyo iliyopanda zaidi. Rwanda haikutawaliwa na Waingereza, ikajiunga na Jumuiya ya Madola, ambayo wengi wa wanachama wake ni makoloni ya zamani ya Uingereza, mwaka 2009 tu. Juni 2022, baada ya UVIKO-19 kuahirisha mara mbili, ikawakaribisha wakuu wa Jumuiya hiyo. Lile kuba la ukumbi wa mikutano, lililofunguliwa 2016, likaonekana kote duniani. (Mwaka huohuo wa 2016 jina la Kigali lilikuwa limeshaingia kwenye marekebisho ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni.) Lakini kamera zilileta pia maswali: haki za binadamu, na mpango wa Uingereza wa kupeleka waomba hifadhi Rwanda. Nairobi nayo iliandamwa barabarani na wanaharakati waliopinga biashara ya kaboni, yaani kuuziana vibali vya kutoa hewa ya ukaa.