Miezi tisa na muuzaji wa dakika za jumla: sauti safi, ripoti mwendo wa kobe

Nina miezi tisa na hii huduma ya kununua dakika za simu za nje kwa jumla na naandika leo maana kila wiki kuna mtu ananiuliza inbox, we simu zako za nje unapitishia wapi mbona sauti iko vizuri? Jina la kampuni nitaliacha, ruti (njia inayopitishiwa simu) nzuri ya leo inaweza ikageuka kesho na sitaki mtu asaini mkataba kwa neno langu mimi, ila nitasema nilivyowapima na walivyojibu ili na wewe ukampime wa kwako vilevile.

Kwa asiyejua kazi yetu, sisi ni kampuni ndogo ya simu, wateja wana programu kwenye simu zao, wanapiga nambari za kawaida za nchi nyingine, tuna swichi yetu wenyewe, mashine ya kuelekeza simu, lakini hatuna mkataba na kila kampuni ya simu duniani, nani anao. Kwahiyo simu tunamkabidhi muuzaji wa jumla kwa SIP, ile lugha ambayo mashine hutumia kuanzisha na kukata simu za intaneti, yeye anaibeba kwenye mtandao wa paketi mpaka nchi inakokwenda alafu anaishusha kwenye mtandao wa kule. Zamani simu ya masafa marefu ilikuwa inashikilia njia yake ya kilobiti 64 kwa sekunde mwanzo mpaka mwisho, uongee usiongee, na laini moja ya E1 ikishajaa simu 30 basi, ya 31 haipiti. Sikuhizi sauti inakatwa vipande vya milisekunde 20, vipande 50 kila sekunde, kila kimoja na anwani yake, vinasafiri pamoja na barua pepe na video za watu. Wazo lenyewe si la jana, Agosti 1974 watafiti walishaongea kwa paketi kupitia ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, ila biashara ya kubebea makampuni ya simu trafiki yao kwa njia hii ilishika kasi mwishoni mwa miaka ya 1990 na makampuni kama ITXC na iBasis. Leo ndio kawaida, na wauzaji wamejaa kiasi kwamba tofauti ya bei ni ya senti ndogo sana, ndio maana mie bei naiangalia mwisho kabisa.

Cha kwanza ninachoangalia ni ukweli, yaani simu isipojibiwa aniambie haijajibiwa.

Nilifika hapo baada ya kuumizwa. Kabla ya hawa nilikuwa na muuzaji mwingine mwenye bei ya chini kuliko wote niliokuwa nao mezani, na wiki ya kwanza takwimu zake zilikuwa nzuri ajabu, karibu kila simu imejibiwa. Nikafurahi. Sikupaswa kufurahi, kwasababu watu hawapokei simu kiasi hicho, simu zinazimwa, zinaachwa chaji chumbani, mtu yuko kazini, kwahiyo ukiona karibu zote zimejibiwa na nyingi zimedumu sekunde nane au kumi basi jua kuna mchezo. Mimi nilijua baada ya mama mmoja mteja wetu kupiga ofisini akasema mwanangu, simu inaita tu hakuna anayepokea lakini salio linaliwa. Nikamwambia mama nipe leo, nitaliangalia mwenyewe.

Usiku huo nikamtafuta binamu yangu anayeishi kule simu zinakokwenda, nikamwambia weka simu mezani usiiguse hata ikiita vipi. Nikapiga. Yeye ananiandikia kwenye chati, inaita broo, sijaigusa. Na mimi kwenye skrini nimenasa paketi naona 200 OK imeshafika, yaani simu "imejibiwa", sekunde za malipo zinahesabu, na nilipofungua sauti ndani ya zile paketi kilichokuwemo ni mlio wa kuita, kruu, kimya, kruu, kimya, mara nne, waliurekodi wakauweka pale mteja adhani bado inaita. Sekunde kumi na moja tumelipishwa kwa simu ambayo ilikuwa mezani hakuna mkono ulioigusa. Nilirudia mara sita na nne zikawa hivyohivyo. Siku ya pili nikafunga ruti yao yote, tukawarudishia wateja salio kutoka mfukoni kwetu, na yule mama nilimpigia mwenyewe kumwomba radhi. Bado inaniuma, maana mtu anajibana apate salio la kuongea na mwanae na sisi tukamlisha mlio wa bandia.

Kwahiyo hawa wa sasa nilipowajaribu sikuanza na sauti wala bei, nilianza na simu ya mezani. Binamu yuleyule. Simu 50 za kutopokelewa, na katika zote 50 hakuna hata moja iliyokuja na jibu la uongo, nikikata mwenyewe inarudi namba ya jibu ya SIP 487, ikijikatia kule inarudi 480. Nikapiga nambari iliyo bize nikapata 486, nikapiga nambari isiyokuwepo nikapata 404, na juu yake wanapitisha ile sababu halisi iliyotoka mtandao wa mwisho, 17 kwa bize, 1 kwa nambari isiyopo, 34 kwa njia zilizojaa. Mtu anaweza kusema hizi ni nambari tu, hapana, swichi yangu inaamua kwa kutumia hizo. Ikipata 486 inamwambia mteja mara moja kwamba mwenzako anaongea, ikipata njia zimejaa inaruka kwa muuzaji wa pili kabla mteja hajachoka. Wapo wauzaji wanaorudisha 503, yaani huduma haipatikani, kwa kila kitu, bize 503, nambari mbovu 503, basi swichi inazunguka kwa wauzaji wote wanne kutafuta nambari ambayo haipo duniani na mteja amekaa kimya sikioni sekunde kumi na tano, anakata, anasema programu yenu mbovu. Hapa hawa jamaa nawapa alama zote.

Sauti sasa. Hapa kuna hesabu ambayo inabidi uifanye mwenyewe. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, kwenye mwongozo wao G.114 wanataka sauti itoke mdomoni kwa mmoja ifike sikioni kwa mwingine ndani ya milisekunde 150, na wanasema mtandao usipangwe kuvuka 400. Mwanga kwenye mkongo unakula kama milisekunde 5 kila kilomita 1000, kwahiyo umbali wa kilomita 10,000 umeshakula 50 na hakuna wa kuzirudisha. Weka 20 za kupakia paketi, weka 40 au 60 za kile kibafa kinachosubiri paketi zilizochelewa ili jita (paketi kufika kwa mwendo usio sawa) isisikike, weka na za mtandao wa simu ya mkononi kule mwisho, unaona nafasi ilivyo ndogo. Sasa muuzaji akiipeleka simu kwanza kwenye seva yake bara jingine ndio aigeuze irudi, ndio unaanza kusikia watu wanaongea kwa kugongana, huyu anaanza, yule anaanza, wote wananyamaza, wote wanaanza tena. Na ucheleweshaji ukikua hata mwangwi uliokuwepo siku zote bila kusikika unaanza kusikika.

Mwezi wa pili niliona hilo kwa hawa. Simu za nchi mbili zilizopakana, unaweza kuvuka mpaka kwa miguu, lakini sauti ilikuwa inavuka bahari kwenda na kurudi. Niliandikia sapoti, jibu la kwanza likawa la kawaida, takwimu ziko sawa, nikamjibu injinia wao kaka, takwimu zako naziamini ila fungua hili faili la paketi uangalie sauti inapita anwani gani. Aliliangalia kweli. Baada ya siku mbili wakahamishia sauti kwenye kituo chao cha karibu na kugongana kukaisha. Nilipenda kwamba hakubishana.

Kodeki, yaani njia za kugeuza sauti kuwa data, wanapokea G.711 na G.729, na hapa niwaambie wanaoanza, msidanganyike na ile 8 ya G.729. Ni kweli sauti yenyewe ni kilobiti 8, ila kila paketi ina baiti 20 tu za sauti na baiti 40 za vichwa vya IP, UDP na RTP, yaani bahasha nzito mara mbili ya barua, kwahiyo jumla inakuwa 24. G.711 ya 64 inakuwa 80. Akiba ipo ila si mara nane. Mie nimehamia G.711 kwenye ruti zote kubwa, kwasababu kila mahali sauti inapobadilishwa kodeki inapungua kidogo, na kwenye G.729 hata paketi chache zikipotea unasikia mtu anaongea kama yuko ndani ya pipa. Na paketi ikipotea imepotea, hairudiwi, hata ingerudiwa ingefika neno limeshapita.

Tatizo moja lilinisumbua sana, wateja wanaopiga benki wakiambiwa bonyeza nne, wanabonyeza mara moja, kule inaingia arobaini na nne. Kumbe ruti moja ilikuwa inatuma tarakimu mara mbili, kama mlio ndani ya sauti na pia kama ujumbe wa pembeni kwenye RTP, ile itifaki inayobeba sauti, mashine ya benki inasikia vyote viwili. Walirekebisha siku hiyohiyo. Nambari ya mpigaji nayo inafika vizuri kwenye ruti zao za daraja la juu, ikiwa na alama ya jumlisha na nambari ya nchi, na zile za daraja la chini wameandika wazi kwenye karatasi ya bei kwamba haina uhakika. Hizo sizitumii, simu ya mtoto wako ikitokea na nambari ngeni ya hukohuko ujue kuna simboksi, kisanduku cha laini za kawaida kinachoigeuza simu ya nje ionekane ya ndani, katikati na watu hawapokei nambari wasiyoijua.

Kuna usiku mmoja wa Jumamosi sitausahau. Saa nane na nusu usiku simu yangu ikaita, dada wa zamu kwao, akasema samahani kaka kukuamsha, kuna laini yako inapiga nambari zilezile za gharama kubwa mfululizo, nimeshapunguza chaneli (simu za wakati mmoja) zibaki mbili, nifunge kabisa? Mteja wetu mmoja swichi ya ofisini kwake ilikuwa imevunjwa, neno la siri lilikuwa lile la kiwandani, matapeli wanapigisha simu kwenda nambari ambazo wao wanalipwa mgao kila dakika. Wangenyamaza mpaka Jumatatu tungefilisika, na wao wangetuletea bili tu kama kawaida, dakika ni dakika. Hawakunyamaza. Yule dada sikumjua sura lakini nilimwandikia bosi wake barua ya shukrani.

Sasa mabaya. Ripoti za simu zinachelewa, wakati mwingine kwa masaa matano sita, na ziko kwa saa za UTC (saa ya kimataifa) bila kuandikwa popote, wiki ya kwanza nililinganisha na zangu nikadhani tunaibiwa. Mabadiliko ya bei yanakuja kwenye lahajedwali lenye maelfu ya mistari bila kuonyesha kipi kimebadilika, nimeandika programu ndogo ya kulinganisha la jana na la leo, kazi hiyo ingekuwa yao. Mara moja walibadilisha ruti ya nchi moja bila kutuambia, wastani wa muda wa kuongea ukashuka karibu nusu kwa siku mbili, watu walikuwa wanakata kwasababu sauti inakatika, na walikiri baada ya mimi kuuliza, sio kabla. Hilo nimelichukia. Malipo ni kwa sekunde kwa nchi nyingi ila chache ni kwa dakika nzima, simu ya sekunde 61 unalipa 120, soma ule mstari kabla hujaweka bei yako kwa wateja.

Faksi, kama bado una wateja wa faksi, usiwape hawa. Wanasema wana T.38, njia maalumu ya kupitisha faksi kwenye intaneti, lakini ruti nyingi zinarudi kwenye G.711 ya kawaida na jita kidogo tu ukurasa unakatikia katikati. Ofisi ya wanasheria tunaowahudumia walituma mkataba wa kurasa kumi na mbili zikafika saba. Faksi nimezipeleka kwa muuzaji wa pili.

Mkataba nimeuongeza miezi sita, nikaomba waandike ndani yake kwamba wakibadilisha ruti watutaarifu saa 48 kabla, wakakubali 24, nikasaini. Simu ya mezani nampigia binamu kila Jumatatu bado, simu kumi, na ameshazoea, akiona inaita anaigeuza tu kifudifudi anaendelea na kazi zake.