Mizani ya dijitali ya jikoni: mahamri sawa, sokoni usiende nayo

Wenzangu wa keki na mahamri za oda hapa Malindi mnaniuliza sana hii mizani ya dijitali niliyonunua duka la vyombo mjini, haya. Bei haikufika elfu moja, inabeba mpaka kilo 10, inasoma gramu moja moja. Kwa usahihi sina neno, nilitia maji nusu lita ya jagi la kipimo ikasoma 497, sasa gramu tatu za kugombania nini.

Ninachokipenda ni kile kitufe cha TARE. Unaweka bakuli unabonyeza inarudi sifuri, unatia unga unabonyeza tena unatia sukari, chombo kimoja tu basi. Mtoto wa dadangu anayesoma Kiarabu kakiona akasema khaa, si ndiyo tarhi hii, ile ya kutoa kwenye hesabu? Na ndiyo hasa, Wazungu wamelitoa kwa Waarabu, asili yake kutupa, yaani uzito wa bakuli unautupa.

Ila boksi limeandikwa BALANCE maherufi makubwa na hapo mimi nabisha. Neno hilo limetoka Kilatini, bilanx, sahani mbili, yaani ile mizani ya zamani ya vitanga viwili, jiwe huku iliki huku mpaka vilingane. Hii ina kitanga kimoja na ndani kijichuma kinachopinda kidogo tu ukikiwekea kitu, umeme unakisoma, hakuna kinacholingana na chochote! Siku hizi ukitaja balansi watu wanajua wadai chenji yako, ama pesa iliyobaki kwa M-Pesa, ama deni la kitenge hujamaliza kulipa. Wenye vitanga viwili bado ni washairi, mizani zao 16 kwa mshororo, nane huku nane huku, na wao na sisi neno letu ni hilohilo la Kiarabu, ndugu yake uzani.

Sasa ubaya. Iliki ya kusaga ukiimimina polepole inabaki sifuri kama haioni, kwa sababu kikiongezeka kidogo kidogo inadhani ni yenyewe imeteleza inajirudisha, dawa ni kuinua bakuli na kuliweka tena. Feni ikiwa juu yake namba zinacheza. Meza ikipinda inasema uongo. Na ukienda kufungua mlango tu imejizima, hesabu yote imepotea, wallahi hilo linanikera kuliko yote.

Kupimia wateja samaki usithubutu, mizani ya biashara sharti ikaguliwe na ipigwe muhuri na watu wa vipimo, hii haina hata pa kuupiga. Ya jikoni nunua tu, lakini ijaribu hapohapo kaunta na pakiti ya sukari ya kilo, betri za bure zinazokuja nayo hazina maisha na dukani pale kurudisha kitu ni vita.