Kamba ya kuruka ya Kariakoo, miezi mitatu baadaye

Niliinunua shilingi 7,000, baada ya daktari kukitazama kitambi changu na kuguna tu. Ni ya plastiki, vishikio vina beringi, na urefu unaupunguza mwenyewe kwa kisu. Siku ya kwanza niliruka mara 20 nikakaa chini. Mpangaji wa chumba cha pili akadhani nahamisha kabati. Sasa nafika 300 kabla ya kuoga. Narukia uani kwenye udongo, maana saruji inailamba kamba, na magoti nayo hayasamehe. Kifaa chake cha kuhesabu miruko kilikufa wiki ya pili, nahesabu kwa mdomo. Chapati za asubuhi nimezibadili kwa viazi vitamu na chai kavu isiyo na sukari. Hiyo chai bado inanishinda. Lakini mkanda umerudi matundu mawili.