Half-Life 2: mnyama wa Dokta Kleiner ndo kanirudisha tena

Nimemaliza Half-Life 2 kwa mara ya tatu wiki hii na safari hii sikuwa naisubiri Ravenholm, ule mji wa mazombi, wala ile bunduki ya kunyanyua vitu, nilikuwa namsubiri Lamarr tu, yule mnyama wa mwanasayansi Dokta Kleiner.

Gemu ni ya kampuni ya Valve, ilitoka Novemba 2004. Kama ulicheza ile ya kwanza ya 1998 unawajua hedikrabu, vidude vya kutoka Xen, dunia nyingine kabisa, ukiviangalia kama kuku aliyenyonyolewa mwenye miguu minne, vinaruka vinakuganda kichwani na mtu anageuka zombi. Umeviua kwa mtaimbo mpaka mkono umechoka. Sasa kwenye sura ya pili unaingia maabara ya Dokta Kleiner huko mji wa City 17, huna silaha yoyote, hata suti yako ya kinga hujavaa, kabati la suti linafunguka na hedikrabu, ndo Lamarr mwenyewe, anaruka toka humo moja kwa moja mpaka kichwani kwa rafiki yako Barney! Mimi mara ya kwanza nilibonyeza kila kitufe natafuta cha kupigia. Halafu mzee Kleiner anakuja taratibu anambembeleza kama mtu na paka wake, anakwambia usiogope, huyu ameshatolewa mdomo, hana madhara. Sauti ya Hal Robins, anayemwigiza Kleiner, pale ni tamu sana, yule mzee anampenda kweli yule mnyama na wewe unaamini.

Jina limetoka kwa Hedy Lamarr, yule nyota wa sinema mzaliwa wa Austria ambaye 1942 alipata hataza pamoja na mwanamuziki George Antheil, ya kurusharusha masafa ya redio ili adui asivuruge torpedo. Mwanasayansi kumpa mnyama anayerukaruka jina la mama huyo, nimelipenda mno wazo hilo, na akimdekeza anamwita Hedy.

Na Lamarr sio pambo tu. Ni yeye anayeruka kwenye mitambo ya kusafirisha watu papo hapo wakati zamu yako imefika, basi unatupwa huku na kule, mara ndani ya maji na lidude linakuja kukumeza, mara ofisini kwa Breen, adui anayetawala mji, na ndo anajua upo mjini. Gemu nzima unakimbia kwa sababu yake.

Ila ukishamzoea Lamarr, Ravenholm inakuwa ngumu moyoni. Mji mzima umepigwa makombora yaliyojaa hedikrabu, mazombi yanaungua yanalia kama binadamu, na kidude kilekile kuna mzee mahali anakipenda.

Ninacholalamikia ni kwamba anaonekana kidogo sana, baada ya maabara unakaa masaa bila kumuona.

Bei ya kawaida Steam, duka la magemu la mtandaoni, ni dola 9.99, subiri seli inashuka sana, na tangu Novemba 2024 walipofanya apdeti ya miaka 20, Episode One na Two, zile sehemu za mwendelezo, zimo humohumo. Icheze Two. Mwanasayansi mwingine, Magnusson, hamtaki kabisa Lamarr, analalamika kila saa, halafu roketi inaandaliwa kurushwa na uzito unaonekana umezidi kidogo, na dalili zote zinasema yumo ndani. Hiyo ilitoka 2007 na mimi bado nataka kujua kama yuko hai.